Mtoto aliyekula mkekani kwetu Nachingwea msimu wa korosho, na hakuna mzazi aliyejua ni wa nani

Wakuu, heshima kwenu, mnaowahi kazini na mnaosomea chini ya meza bosi asione.

Hii stori nimekaa nayo tangu msimu wa korosho uliopita. Mke wangu alisema niiache, watu watasema nauza chai. Semeni. Nitaandika nilichokiona na nilichoambiwa, na nisipojua nitasema sijui. Mimi ni muuza mtumba, uongo wangu wote naumalizia gulioni. Nikifika nyumbani sina akiba.

Naishi Nachingwea mjini, pembeni kidogo. Nauza nguo za watoto kwenye magulio ya huku na ya Ruangwa. Kazi hii imenipa ugonjwa mmoja: nahesabu kila kitu mara mbili. Robota la mtumba nikilifungua nahesabu, nikimaliza narudia. Mke wangu akipika chapati, najua zilizoingia kwenye hotpoti na zilizotoka. Hapendi.

Tunapoishi ni nyumba tano zinazotazamana, uwanja mmoja katikati. Wote wapangaji, wote tuna watoto wadogo.

Msimu wa korosho watu wazima wanakwenda mashambani, wengi upande wa Kiegei. Wanatoka alfajiri, wanarudi jioni. Watoto wanabaki kwa zamu: leo mama huyu anakaa na watoto wa nyumba zote, kesho mwingine. Sufuria moja, mkeka mmoja uwanjani, na mtoto yeyote aliyekaa mkekani anakula. Hakuna kuuliza huyu wa nani.

Ndiyo utamu wa pale. Na ndiyo kilichotuponza.

Mwaka jana mke wangu alikwenda Ruangwa, mdogo wake alijifungua kwa upasuaji, akawa anamuuguza hospitali. Zamu ya nyumba yetu ikafika, mwenye zamu hayupo. Nikabaki mimi, na ugali wangu ambao hata kuku wetu wana maoni nao.

Mchana nimepakua, watoto wamekaa, nikahesabu. Wanatakiwa kuwa kumi na mmoja. Nikapata kumi na wawili.

Nikarudia kwa kidole. Kumi na wawili.

Mama Chausiku, jirani, alikuwa amerudi mapema kuchukua madumu ya maji. Akanisimamia.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Nahesabu."

"Watoto wa watu hawahesabiwi kwa kidole kama mafungu ya dagaa. Waite majina."

Nikawaita majina. Kila niliyemwita aliinuka na sahani yake, akahamia barazani. Nikamaliza majina yote ya nyumba tano.

Mkekani akabaki mtoto mmoja.

Msichana, miaka minne hivi, kavaa sweta la kijani kwenye jua lile la mwezi wa kumi. Anakula taratibu. Wala hakujali kwamba wenzake wameondoka. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyekaa kwenye benchi la zahanati anasubiri kuitwa.

Mama Chausiku akaweka dumu chini. "Huyu si wa kwa Mama Jeni?"

"Mama Jeni ana wawili, wote wako barazani."

Akahesabu naye, kwa kidole.

Sweta nililijua. Lilitoka kwenye robota langu, kifungo kimoja nilikishona mwenyewe. Nikampigia mke wangu. Akasema ndiyo, yeye ndiye aliyempa, asubuhi moja kulikuwa na kibaridi. "Nilidhani ni mgeni wa kwa Mama Dula."

Jioni wazazi waliporudi tukasimama wote uwanjani. Mama Dula akasema amewahi kumkata kucha, akijua ni wa Mama Chausiku. Mama Jeni alimtoa funza mguuni. Mama Chausiku mwenyewe alimnywesha dawa ya minyoo pamoja na wa kwake. Baba Jeni alimbeba mabegani kwenda kuona ngoma.

Wakuu, tulikuwa tumemlea. Ila hakuna hata mmoja wetu aliyempokea.

Tulipojaribu kukumbuka alianza lini, kila mtu alisema lake. Tukakubaliana ni kama wiki tatu.

Nikamuuliza binti yangu, Nasra. "Huyu anaitwa nani?"

"Mwenzetu."

"Mtoto wa nani?"

"Wa wote."

"Analala wapi?"

"Kwa kina Dula." Tukamgeukia Dula, akasema kwa kina Jeni. Jeni akasema kwa kina Nasra. Ikazunguka hivyo mpaka ikarudi mlangoni kwangu.

Na mtoto haongei. Mama Chausiku akamjaribu kwa Kimakonde, Baba Jeni kwa Kimwera, Mama Dula kwa Kiyao. Yeye anamtazama kila mmoja mdomoni mpaka amalize, halafu anamtazama anayefuata. Mimi nikajaribu lugha ya biashara, nikampa biskuti. Akaivunja, nusu akaila, nusu akaiweka mfukoni.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha polisi. Wakaandika, wakasema akae kwangu huku wanaulizia. Likatolewa tangazo msikitini na kanisani. Hakuna aliyejitokeza.

Hapo ndipo mambo yakaanza kuwa mabaya.

Dula akapata homa. Homa ya kutetemeka, ile ya mtoto kugeuza macho. Baba yake ni dereva wa bodaboda, na ni rafiki yangu kuliko baadhi ya ndugu zangu. Wakamkimbiza zahanati, wakapima, malaria. Wakapewa dawa.

Alasiri ile ile Baba Dula akaja kwangu, pikipiki inanguruma nje.

"Baba Nasra, mtoe huyo mtoto aliyetuletea homa, nimpakie."

"Unampeleka wapi?"

"Nitamshusha kule mashamba ya Kiegei. Kama ni mtu, watu watamwokota. Kama si mtu, anajua njia."

"Huyu ni mtoto wa miaka minne."

"Una uhakika?"

Nilitaka kusema ninao. Nikageuka kumwangalia mtoto. Amekaa kizingitini, mikono mapajani, anamsikiliza Baba Dula vizuri tu, kama mtu mzima anayesomewa mashtaka.

Nikafanya kitu pekee ninachokiweza maishani. Nikaomba punguzo.

"Nipe wiki."

"Leo."

"Mpaka Jumapili."

"Leo, Baba Nasra. Mwanangu anatetemeka kule."

"Dula si ameanza dozi?"

"Ameanza."

"Basi mpaka amalize. Akimaliza hajapona, sitakuzuia."

"Wewe unajua bei ya shati. Haya mambo huyajui." Lakini akageuza pikipiki, akaondoka.

Alipokwisha kwenda ndipo nikaelewa biashara niliyoifanya. Nilikuwa nimemweka rehani mtoto wa mtu juu ya malaria ya mtoto wa mtu mwingine. Sijawahi kukubali bei mbaya kama ile.

Siku zile mkeka haukutandikwa. Kila nyumba ikapika kwake na kufunga mlango, watoto wakaitwa ndani. Zile kelele zote zikaisha. Ikifika saa ya chakula, yule mtoto anatoka kwangu, anakwenda kukaa chini pale pale mkeka ulipokuwa unatandikwa, anaangalia milango.

Mimi na Nasra tukawa tunabeba sahani zetu, tunakwenda kukaa naye. Najua walikuwa wanatuchungulia.

Dula alimaliza vidonge vya mwisho, na jioni ile homa ikapanda tena. Baba yake alipita mbele ya mlango wangu bila salamu. Tulikuwa tumeshakubaliana.

Asubuhi nikawa namvalisha yule mtoto viatu vya Nasra, maana kama anakwenda mashambani asiende pekupeku. Simu ikaita. Mke wangu.

"Baba Nasra, hebu angalia nyuma ya sikio lake la kushoto. Ana kovu?"

Nikaangalia. Lipo, jembamba, kama uzi.

"Lipo. Umejuaje?"

"Nipo na mama yake."

Ilikuwa hivi. Wodi ya jirani na ya mdogo wa mke wangu kulikuwa na mwanamke aliyelazwa mguu umevimba, ameng'atwa na nyoka shambani. Kila anayepita anamwonyesha urefu wa mtoto kwa mkono. Ni Mmakua, alivuka kutoka Msumbiji kutafuta kibarua cha korosho, Kiswahili chake cha kuokoteza. Alikuwa akisema mtoto wake yuko Nachingwea, kwenye nyumba zenye watoto wengi. Sasa ndugu zangu, Nachingwea nzima ni nyumba zenye watoto wengi.

Lori la vibarua la kwenda mashamba ya Ruangwa halikuchukua mtu mwenye mtoto. Naye siku kadhaa alikuwa anapita njia ya kwetu na kuona mkeka. Akaona aliyekaa analishwa na haulizwi. Siku hiyo akamkalisha, akijua jioni atarudi. Siku hiyo hiyo akang'atwa.

Nikatoka kwenda kwa Baba Dula kumwambia. Nikamkuta Dula amekaa kitandani anadai muhogo wa kuchemsha, na anadai kwa hasira. Baba yake anamshika paji la uso, anarudia tena.

"Mama yake amepatikana, yuko Ruangwa," nikasema.

"Nitawapeleka mimi."

"Kwa bei gani?"

"Usinichekeshe. Nataka nimwone huyo mama kwa macho yangu."

Tukaenda, mtoto katikati yetu, ameshika shati la Baba Dula kwa ngumi zote mbili.

Wodini yule mama alipomwona hakupiga kelele. Alinyoosha mikono tu. Mtoto akapanda kitandani, akakaa upande wa mguu mzima, akaanza kumpapasa uso. Mama akamvua sweta, akamkagua kidogo kidogo, kucha, nyayo, kichwa. Akaona kazi za wanawake wote wa uwanja wetu.

Halafu akauliza kitu kwa Kimakua. Bibi mmoja wa kitanda cha pili, anayejua lugha hiyo, akatutafsiria.

"Anamuuliza, kabla baba huyu hajakuchukua, ulikuwa unalala na nani?"

Na yule mtoto akajibu. Ndiyo mara ya kwanza nasikia sauti yake. Sauti nzito kidogo, isiyo na haraka.

Mtafsiri akamtazama mama wa mtoto kwanza. Ikabidi nimuulize.

"Anasema alikuwa analala na bibi yake. Kwenye nyumba isiyo na mlango."

"Kwetu hakuna bibi," nikasema. "Nyumba zote tano, hakuna."

Akalitafsiri hilo. Mama wa mtoto akatikisa kichwa kukubali, akaongea taratibu, anatutazama sisi.

"Anasema huyo bibi ni mama yake mzazi. Alimzika kwao, kabla ya kuvuka mto kuja huku. Alipong'atwa, akaona hawezi kurudi, alimwomba marehemu amwangalie mtoto."

Baba Dula alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Akashika kile chuma cha kitanda.

"Anawashukuru sana kwa chakula," mtafsiri akamalizia. "Anasema yule asingeweza kupika."

Mama yule aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekwambia jirani alimsaidia kuanua nguo.

Tulirudi jua bado lipo. Nyuma ya nyumba zetu kuna pagale, mwenyewe aliishia kwenye lenta, halina bati wala mlango. Watoto hukatazwa kwenda huko kwa sababu ya nyoka. Tulikwenda wawili, hakuna aliyemwambia mwenzake twende, tulijikuta tu tunaelekea.

Chumba cha mbele kimejaa majani na vumbi. Cha nyuma kilikuwa kimefagiliwa. Ile michirizi ya ufagio inaonekana, mirefu, ya mkono wa mtu mzima. Gunia dogo la korosho limetandikwa limebana ukutani. Upande wa mlangoni pameachwa nafasi.

Kila mzazi hapa anajua. Ukilala na mtoto, yeye unamweka ukutani, wewe unakaa upande wa mlango.

Mwishowe Baba Dula akasema, taratibu sana, "Ningemshusha Kiegei, huyu bibi angekuja kuniuliza mimi."

Tukatoka, yeye mbele.

Sasa najua mtasema ni mtoto mwenyewe aliyefagia, au mama alikuwa anaweweseka na sumu ya nyoka. Inawezekana. Mimi sina risiti.

Mama yule alipona. Yuko Chiola na mwanawe kwa watu wa kwao, na wakati wa palizi walipita kutusalimia. Mtoto anaitwa Zaina, na siku hizi anaongea mpaka anachosha. Mkeka tumeurudisha. Mtoto akikaa anakula kwanza, hilo hatukulibadilisha. Ila akishakula, mwenye zamu anahakikisha anajua jina lake, jina la mzazi wake, na pa kulala. Baba Dula ndiye mkali kuliko wote kwenye hilo la pa kulala.

Nilichojifunza ni kwamba unaweza kumkata mtoto kucha na usimwone. Leo ukirudi nyumbani ukakuta watoto wanacheza, usiridhike kwa sababu wengi wao unawafahamu. Mwangalie mmoja mmoja usoni.

Aliyewahi kuona kitu cha namna hii, hasa wenyeji wa kusini na mnaoijua Msumbiji, nielezeni. Na wa kubisha pia karibuni, ila mbishi aje na maelezo ya ile michirizi ya ufagio, maana mtoto mwenyewe alikuwa ananifika kiunoni.