Bibi Arusi wa Maandamano ya Uani

Kabla sijaona chochote nilisikia ngoma, dum-dum, nyuma ya ukuta wa mabati, nami nikakaza mwendo, mjinga mimi, maana ningejua kwamba nusu ya Garissa itakuja kunijua kama yule bibi arusi aliyekimbiwa (na sijawahi kuposwa hata kwa mzaha), ningegeuka nirudi nikalale.

Ilikuwa hivi. Rafiki yangu Idil, ambaye anampenda mwanamke mwenzake aitwaye Sahra, aliniambia kikundi chao kitafanya maandamano ya fahari.

"Garissa hii?"

"Hii hii, abaayo, dada yangu. Uani kwetu."

Nilicheka, halafu hamu ya kujua ikaninyima usingizi: watu huandamanaje mahali ambapo hawawezi kutoka nje ya geti? Basi nikaenda, hina ya Idi haijafifia mikononi, nikawakuta wanazunguka tangi la maji, polepole, kitambaa cha rangi za upinde wa mvua kimetandazwa juu ya vichwa vyao, na nyuso zao, sijui niseme vipi, kama watu waliovua viatu vilivyowabana miaka. Nikaingia mstarini.

Geti likagongwa. Nilikuwa karibu, nikalifungua kidogo. Alikuwa jirani, Mama Khadra.

"Ngoma ya nini?"

Ningeweza kusema ni watoto wanacheza. Nikasema, "Arusi."

Kwetu arusi haina kadi. Ukisikia ngoma umealikwa. Mama Khadra alipiga kigelegele hapo hapo barabarani, na kabla Idil hajamaliza kuniuliza "Umesema nini, wewe?" uani palikuwa pamejaa wanawake, vidumu vya maziwa ya ngamia, sinia la nyama, na chetezo kinafuka udi.

"Bibi arusi yuko wapi?"

Macho yote yakatua kwenye hina yangu. Nikakalishwa juu ya mto, na Sahra, kwa woga, akanitupia kile kitambaa mabegani.

"Maashallah, rangi hizi mmezipata duka gani?"

Ningevuka salama, wallahi, lakini bibi arusi huimbiwa kwa kusifiwa mababu zake, na Mama Khadra akasimama mbele yangu. "Taja, binti."

Uongo wowote naweza, ila huo sikufundishwa. Kule kwetu Eldas tulikaririshwa mababu kabla ya kujua kuhesabu, na ulimi ukaenda wenyewe: Hodan Abdi Farah Guled... Nilipofika kwa Guled, Mama Khadra alikuwa anataja pamoja nami.

"Guled ni babu yangu! Mimi ni eedo wako, shangazi yako kabisa! Na Abdi anaoza binti bila kuniambia?" Akatoa simu ampigie baba.

Nilimtazama Idil. Nikisema si arusi, nitaulizwa basi ni nini, na jibu lake lingewatoa wenzangu katika nyumba hii na mji huu, kama si katika uhai.

"Usimpigie, eedo," nikasema. "Baba hajui. Nilitaka kuolewa kwa siri. Na bwana mwenyewe... ametoroka."

Loh! Walilia. Walimlaani mtu asiyekuwepo mpaka nikaanza kumwonea huruma.

"Wa wapi huyo mbwa?"

"Modogashe," nikasema (watu wa Modogashe mnisamehe), na bibi mmoja akadai alijua tu, watu wa mji ule wa njia panda hawatulii. Wakanilisha nyama kwa mikono yao, wakaahidi kunitafutia mwingine mwenye ngamia, wakaondoka wakinihurumia kwa sauti ya kusikika hadi sokoni.

Nikialikwa tena nitaandamana, hilo nimeapa, ila getini asimame mtu asiyejua jina la babu yake hata mmoja.

Eedo alibaki wa mwisho. Alinivua kile kitambaa, akakikunja taratibu, pindo juu ya pindo, akampa Sahra, si mimi niliyekuwa bibi arusi. Kisha akamtazama Idil, ambaye alikuwa amemshika Sahra kidole bila kujitambua.

"Babako sitampigia," akaniambia, akitafuta ndara zake. Alipozipata hakututazama tena. "Geti hili lina komeo, wanangu. Litumieni."

Akatoka, akalivuta mwenyewe nyuma yake mpaka likafungika.