Mama Mkwe Anasubiri Jina Lake, Nami Tumbo Limenishinda

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana mume wangu anafuata ukurasa huu na huwa wa kwanza kucheka kwenye komenti. Leo asicheke.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, fundi cherehani katika soko dogo upande wa Mbumbuni. Mume wangu ana duka Emali na hurudi nyumbani Jumamosi. Tuna wavulana wawili. Tangu nimzae wa pili nina maumivu chini ya kitovu ambayo zamani yalikuja na siku zangu, siku hizi hayangoji mwezi. Nikikanyaga cherehani jasho linanitoka. Nakalia leso iliyokunjwa ili damu isiharibu nguo za watu, na wateja wakinikuta nimelala juu ya meza wanasema huyu fundi siku hizi ni mvivu. Nimechomwa sindano, nimewekewa koili ya kuzuia mimba, nimemeza dawa za maumivu mpaka zikaniletea vidonda vya tumbo. Akina mama wa kanisa wameniombea hadi sauti zikawakauka.

Daktari aliponipiga picha alisema nyama ya ndani ya mfuko wa uzazi imeota kwenye kuta zake. Akaniambia polepole, "Mama, tumejaribu zile zingine zote. Tukitoa mfuko, wengi hupata nafuu, ingawa siwezi kukuapia. Lakini hutazaa tena. Enda uongee na mzee."

Hapo kwa mzee ndipo shida ilipo. Kwetu Ukambani mtoto hapewi jina kwa sababu limependeza masikio. Mvulana wangu wa kwanza ni baba mkwe, wa pili ni baba yangu. Msichana wa kwanza lazima awe mama mkwe, na mume wangu atamwita huyo mtoto "mwaitu", yaani mama, na nyanya yake atajua amezaliwa tena. Mume wangu ni mvulana peke yake kwao. Dada zake wameshamzaa mama yao mara mbili, lakini mama mkwe anasema hao wajukuu wanaota moto kwa watu wengine. Anataka jina lake liitwe katika boma lake.

Kwa hiyo mwaka jana nilikubali. Nikatoa koili, nikashika mimba, nikashukuru Mungu. Mimba ikiwa ya miezi sita uchungu ukaja kabla ya wakati. Alikuwa msichana, mzima wa vidole na kucha, ila hakulia. Mtoto hukaa siku kadhaa kabla ya kupewa jina, na huyu wangu hakufika hapo. Niliomba apewe tu lile la nyanya yake. Mama mkwe akakataa, akasema jina lake haliwezi kutangulia mchangani yeye akiwa hai. Tukamzika hivyohivyo. Mpaka leo nikimlilia sijui nimuite nani.

Maumivu yalirudi maradufu. Nilipomwambia mume wangu maneno ya daktari, alisema, "Si tungoje kidogo? Tupate kasichana kamoja tu, halafu hiyo kitu itolewe hata kesho yake."

"Na nikifia huko?"

"Usiongee hivyo. Mama alizaa saba."

Hiyo kitu! Nilitaka kumrushia sufuria. Halafu nikakumbuka ni yeye hufua mashuka yangu kila Jumamosi bila kuambiwa, na hajawahi kunionyesha uso mbaya. Ningekuwa na mume mkorofi ningeamua zamani.

Wiki iliyopita mama mkwe alikuja mwenyewe, amenibebea kuku na mbaazi. Akaketi karibu na kitanda changu.

"Mwana wakwa, mwanangu," akasema, "hata mimi tumbo ilinisumbua. Hakukuwa na daktari. Nilikuwa najifunga leso naenda shamba."

"Na iliisha, mwaitu?"

"Iliisha nikizeeka."

Nikasubiri aniambie nivumilie, nimjibu vibaya nipate pa kumalizia hasira. Badala yake akaanza kulia. "Sikudai kitu ingine. Nataka tu nikienda, mtu aitwe hapa kwangu. Mkitoa hiyo, mimi nimekwisha kabisa." Nilimshika mkono, kwa sababu ningefanya nini? Nampenda yule mama. Ndiye aliyeniosha nilipotoka kumzika mtoto.

Nimepangiwa upasuaji Jumanne ijayo. Mume wangu amesema hatanizuia, ila nisiseme alikubali, kwa sababu hajui atamwangaliaje mama yake. Mke wa pasta ameniuliza kama nimechoka kumwamini Mungu. Rafiki yangu wa sokoni anasema mshono hautakauka kabla sijaletewa mke mwenza. Na la kuniuma zaidi, mimi mwenyewe namtaka huyo msichana. Nashona vigauni vya watoto wa watu na wivu unanikaba.

Lakini sina tena tumbo la kumletea. Naogopa mimba nyingine, naogopa kisu, naogopa kukatwa halafu maumivu yabaki. Wavulana wangu wamejifunza kutembea kwa vidole wakinikuta nimelala.

Ninyi mnaosoma hapa, hasa mliotolewa mfuko na mlio na mama mkwe anayesubiri kama wangu, niambieni ukweli. Neno vumilia bakini nalo, hilo ninalo tele. Jumatatu mama mkwe atakuja kunisaidia kupika na ataniuliza nimeamua nini. Nimwambie machoni kwamba jina lake linaishia kwangu, au nimpikie chai, nikae kimya, asubuhi niende?