Uzi wa Oili

Nimesoma hadi darasa la nne tu, kwa hiyo anayezijua dini za Wahindi kuliko mimi anisahihishe. Ninachoandika hapa ni nilichosikia katika karakana ya shamba la ngano la serikali, upande wa Hanang, miaka nilipokuwa mtia oili, pamoja na nilichokifanya kwa mikono yangu mwenyewe. Madaftari yangu ya wakati ule bado ninayo. Moja limeliwa na mchwa katikati, na ndilo ninalolihitaji zaidi.

Kazi yangu ilikuwa hivi. Asubuhi, kabla kombaini hazijatoka kwenda kuvuna, nazizungukia na galoni, faneli na tambara. Natia grisi, napima oili, naongeza palipopungua. Kupima ni rahisi. Kuna kijiti cha chuma ndani ya injini. Unakichomoa, unakifuta, unakirudisha, unakichomoa tena, unaangalia oili imefika wapi kati ya alama mbili. Mtu yeyote anaweza. Naliandika mapema hili ili baadaye nisionekane natafuta kisingizio.

Fundi mkuu wetu alikuwa Mhindi, mzaliwa wa Arusha, mtu wa makamo aliyekwishafiwa na mke. Hakula nyama. Aliishi peke yake katika chumba nyuma ya karakana, na kwa jinsi alivyokuwa amepanda mchicha na mnanaa mbele ya mlango, uliona hakuwa na mpango wa kuhama. Ndani ya stoo ya spea, kwenye rafu ya juu, aliweka picha ya Mungu wake, Krishna, akiwa mtoto mnene ameshika donge la siagi, na mbele ya picha taa ndogo ya shaba inayowaka kwa samli. Aliiwasha kila asubuhi kabla ya kushika spana. Mimi ni Mkristo, na sikuwahi kumsikia akiniambia niache kanisa. Hilo nalitamka wazi kwa sababu wapo waliosema vingine.

Alikuwa na tabia moja: hakuweza kueleza jambo la Mungu bila kushika kitu. "Mimi fundi," alisema. "Nikiongea mikono mitupu najisikia mwongo."

Maziwa alinunua kwa mama mmoja wa Kibarbaigi aliyekuja na kibuyu kila baada ya siku mbili. Shamba letu lilikuwa limechukua malisho yao, siwezi kuandika kana kwamba sikulijua, lakini mama yule alikuja, na fundi alimwamkia kwa heshima. Siku moja fundi alikiinua kibuyu akamwambia kwamba Mungu yumo ndani ya kila kitu kama samli ilivyo ndani ya maziwa. Huioni mpaka utikise, na kutikisa ndiko kuabudu.

Mama akamtazama. "Hilo la samli nalijua tangu sijaota meno ya pili. Niambie nisilolijua."

Fundi alicheka mpaka akavua miwani. "Ungekuwa hulijui, mama, ningekupigia mfano gani?"

Mara nyingine alituambia kuna watu wanaompenda Mungu kama mtoto wa nyani, na wengine kama mtoto wa paka. Mtoto wa nyani anamng'ang'ania mama yake kwa nguvu zake mwenyewe, akiachia ameanguka. Mtoto wa paka hafanyi kitu, analia tu, mama anamnyanyua kwa shingo. Mimi nilipenda wa paka. Bibi yangu kule Nambis, kabla ya kubatizwa, alimwita Mungu Looaa na kumsema kama mama, kwa hiyo jambo la kunyanyuliwa na mama halikuwa geni masikioni mwangu. Dereva wa kombaini namba mbili, mtu wa kijiji cha Daudi niliyeimba naye kwaya, yeye alitaka kujua: "Na paka akiwa na watoto saba, fundi? Anabeba nani kwanza?"

"Anayelia zaidi."

"Basi wewe bwana utabebwa wa kwanza," dereva akaniambia. "Kila siku malalamiko. Hamia kwa Wahindi kabisa, ule dengu mpaka ukonde."

Dereva huyu ndiye aliyepeleka habari kwa meneja kwamba taa inawaka stoo. Sitaki kumwonea. Ilikuwa stoo yenye dizeli, na shamba zima limekauka tayari kwa kuvunwa. Hata mimi niliwahi kuiogopa ile taa. Meneja alikuja mwenyewe. Hakufoka. Alisema, "Fundi, taa ipeleke chumbani kwako. Dini yako siigusi. Lakini siku mahubiri yako yatakapoingia kwenye mashine zangu, utafungasha urudi Arusha." Fundi akasema sawa, akaibeba taa na picha, tukarudi kazini. Sote tulisikia.

Baada ya hapo fundi hakuanzisha tena mazungumzo ya dini. Mimi ndiye niliyeyaanzisha. Nilikuwa na tatizo ambalo niliona haya kumwambia katekista wetu: nilikuwa siwezi kusali. Naanza Baba Yetu, nikifika mkate wa kila siku akili imeshafika kwa ng'ombe wa baba, nani kawafungulia, ndama yule anaharisha bado au la. Nikamwuliza fundi kama kwao watu wanapatwa na hilo.

Alichukua galoni ya oili na debe tupu, akamimina. Oili ilishuka kama uzi, nyembamba, inang'aa, bila sauti. Ukiitazama hujui kama inakwenda au imesimama. Kisha akachukua kopo la maji akamimina vilevile. Maji yakakatika, yakaruka, yakatulowesha viatu.

"Moyo wetu wa kila siku ni haya maji," alisema. "Mwenye kumpenda Mungu, moyo wake unamwendea kama ile oili. Hauna mahali pa kukatika."

"Hata akiwa kazini?"

"Hasa akiwa kazini."

Jibu lile nililibeba kama mtu aliyebeba yai mfukoni. Daftari linasema asubuhi ya tukio ilikuwa siku ya pili yake. Mimi nakumbuka ya tatu. Lolote kati ya hayo, mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya mlima Hanang na kila mtu alikuwa na haraka. Kombaini namba mbili ilikuwa imemwagwa oili kuukuu jana yake, kwa hiyo ilihitaji oili mpya nyingi. Kawaida unamimina kiasi, unasimama, unaiacha ishuke, unapima, unaongeza. Mimi nilipanda juu, nikaweka faneli, nikaanza kumimina, na pamoja na kumimina nikaanza Baba Yetu.

Oili ilishuka bila kukatika. Galoni ya kwanza ilipokaribia kwisha, niliinua ya pili kwa mkono mwingine nikaunganisha uzi kwa uzi kabla ule wa kwanza haujakatika. Mkate wa kila siku ukapita. Makosa yetu yakapita. Nilifika Amina. Ng'ombe hawakuja. Nikaanza tena, na galoni ya tatu nikaiunganisha hivyohivyo, na nasema kweli, sijawahi kusali vile kabla ya siku ile. Ilipokwisha nilifunga kifuniko, nikafuta pembeni kwa tambara, nikashuka. Kijiti sikukigusa. Mpaka leo sijui kama nilisahau au nilikataa. Nimejaribu kuliandika mara nyingi, na kila mara naandika tofauti.

Kabla ya saa sita mchana dereva alirudi kwa miguu, uso mzima makapi ya ngano.

"Ile kombaini umeitia oili au umeibatiza?"

Ilikuwa imetoa moshi wa buluu, kisha ile pete ya mpira inayoizuia oili isitoke injini, sisi tunaiita sili, ikasukumwa nje, oili ikaingia kwenye klachi, mashine ikasimama katikati ya ngano iliyoiva. Tulikwenda na fundi. Alichomoa kijiti pale pale shambani. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa urefu wa kidole.

"Ulipima?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Sikutaka ikatike."

Fundi alikaa chini juu ya mabua.

Meneja aliagiza niandike maelezo niyapeleke kesho yake mchana. Dereva alinifuata nyumbani jioni, na nadhani alinitakia mema. "Wewe una watoto wawili na mama mzee Nambis. Andika kwamba Mhindi ndiye aliyekufundisha kumimina. Alikufundisha, hakukufundisha?"

"Alinifundisha."

"Basi. Sikuambii udanganye."

Ugumu ulikuwa hapo. Hakuniambia nidanganye. Nikiandika hivyo, meneja atatimiza alilosema, na yule mzee ataacha chumba chake na mchicha wake kwa sababu yangu. Nisipoandika, nitakuwa nimeficha, na huenda nitakayefungasha ni mimi. Sitajifanya nilimwogopea fundi tu. Nilijiogopea pia, na sijui hofu ipi ilikuwa kubwa.

Niliandika mara tatu. Mara ya kwanza: sikupima. Ilikuwa kweli lakini fupi mno, kama mtu anayekupita njiani bila salamu. Mara ya pili niliandika kwamba fundi aliniambia kumpenda Mungu ni kama kumimina oili bila kukatisha. Kweli pia, ila ukisoma unaona kama aliniagiza niitie injini vile. Mara ya tatu niliandika: "Fundi alinieleza moyo kwa mfano wa oili. Mimi nikaitia injini oili kama ule mfano. Hakuniambia nisipime. Kupima ilikuwa kazi yangu." Nikaona hapo angalau kila mtu amepewa chake.

Asubuhi nilimpelekea fundi karatasi aisome kwanza, kwa kuwa ilimhusu. "Shikamoo fundi." "Marahaba." Alisoma amesimama, akaomba kalamu, akaiweka karatasi juu ya tairi, akaongeza mistari miwili chini ya jina langu: "Nilimwona akiunganisha galoni ya pili na ya kwanza. Nilifurahi, sikumzuia."

"Uliniona?"

"Nilikuwa mlangoni na chai yangu. Nikasema moyoni, huyu ameelewa." Alifunga kalamu. "Fundi wa miaka thelathini kazini, naona mtu anajaza injini bila kupima, nami nafurahi!"

"Fundi, ukiacha maneno hayo utafukuzwa."

"Nikiyafuta, kesho asubuhi nitawasha taa mbele ya nani?"

Tulikwenda ofisini pamoja. Meneja alisoma, akarudia kusoma, akatutazama mmoja mmoja. Nilingoja asikie harufu ya mahubiri na apandishe sauti. Badala yake alitazama dirishani, kwenye mawingu.

"Fundi, yupo mwingine hapa anayeweza kurudisha hiyo sili?"

"Hayupo."

"Basi nenda karudishe. Karatasi hii itakaa mezani kwangu mpaka ngano iishe. Tutaongea siku hiyo." Mimi alinipa barua ya onyo, na niliistahili.

Kuifungua klachi na kuirudisha kulichukua siku mbili na nusu. Ilipofika wakati wa kutia oili nilidhani atamwita mtu mwingine. Aliniita mimi. Alisimama kando yangu.

"Mimina. Simama. Ngoja ishuke. Pima."

Dereva alikuwa akitutazama kutoka juu ya tairi, miguu inaning'inia. "Leo anamimina Kikristo," alisema.

Fundi alicheka kidogo. Tulipokuwa tunangoja oili ishuke alisema, kwa sauti ya mtu anayeongelea bolti, "Kosa langu lilikuwa hili. Nilikupa mfano, sikukuambia unaishia wapi. Ule ulikuwa wa moyo. Injini ina alama."

"Na moyo hauna alama?"

Alikichomoa kijiti, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena, akakielekeza kwenye mwanga.

"Ongeza kidogo," alisema.

Tulivuna siku zote zilizobaki, na mvua ilitukuta tumebakiza kipande cha upande wa Nangwa. Siku gunia la mwisho lilipopakiwa, meneja alituma mtu kumwita fundi. Nilipita chumbani kwake nikaona mlango wazi. Alikuwa amefunga nguo kwenye sanduku, na taa ya shaba ameizungushia gazeti pamoja na picha, akaibeba mwenyewe kwenda nayo ofisini, nadhani ili asilazimike kurudi kuichukua. Mchicha ulikuwa umemwagiliwa.

Nilikaa kwenye ngazi ya karakana. Nilijaribu kusali, ng'ombe wakaja.

Alikaa ofisini muda mrefu. Alipotoka alikuwa bado ana lile gazeti kwapani. Nilisimama. Aliniambia meneja alitaka orodha ya spea za msimu ujao, na walibishana juu ya mikanda.

"Na karatasi?"

"Ipo mezani. Ameweka kikombe juu yake."

Akaingia chumbani. Nilisikia gazeti likikunjuliwa, kisha akatoa kichwa mlangoni akaniuliza kama mama wa maziwa alishapita.