Chupa ya Pumzi ya Mama Ngalula

Bwana wangu Rigobert alikuwa fundi wa vioo, na alimwogopa mama yangu kuliko alivyowaogopa majendarme, wale askari wa Katanga. Sisi watu wa Kasai, mukwe hamtazami mama wa mke wake usoni, hali naye, haingii chumba anamolala. Ni desturi nzuri, sikatai. Lakini Rigobert aliishika kwa mikono miwili! Mama akitokea mlangoni, yeye ameshapita nyuma. Siku moja aliruka ua wa jirani akaangukia katikati ya kuku. Mtaa wetu mzima wa Katuba ulicheka.

Mama, jina lake Ngalula, alikuwa na pumu. Hospitali kulikuwa na mashine ya kumpulizia dawa, kubwa kama kabati, na kabati huwezi kukimbia nalo. Mwaka ule wa 1961 tulihitaji kitu cha kukimbia nacho. Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo, na sisi wa Kasai tukageuzwa wageni katika mji tulimozaliwa. Nyumba ya jirani ilichomwa. Kila mtu alifunga vitu, akavifungua, akavifunga tena. Wengi walikuwa wamekwisha kwenda kwenye mahema, karibu na askari wa ONU, yaani Umoja wa Mataifa. Mimi sikukaa, sikula, nilizunguka tu uani nikijiuliza: mama akibanwa na pumu njiani, nitafanya nini? Atanifia mikononi.

Rigobert alifanya kazi maabara, akikunja mirija ya vioo kwa moto.

"Kapinga, usilie," akaniambia. "Miye nitamutengenezea mama kintu ya kubeba ku mukono."

Akapuliza chupa ndogo ya kutilia dawa, yenye mdomo mwembamba, akaifunga kwenye puare, ule mpira mwekundu wa kuwasafishia watoto tumbo kwa nyuma. Ulikuwa mpya kutoka duka la dawa, lakini mama alipouona alishika kichwa.

"Maweee! Ile ya ku matako, leo munaniletea ku kinywa? Huyu mukwe iko na akili?"

"Mama, iko mupya," nikamwambia.

"Mupya ao ya zamani, njia yake naijua!"

Maswali ya Rigobert niliyabeba mimi, na majibu niliyarudisha mimi, tarishi asiye na mshahara. Mkono wa mama ni mkubwa? Vidole vina nguvu? Mwishowe mama akakubali, akaketi wima, akaminya, mvuke wa dawa ukatoka vizuri kabisa. Rigobert alikuwa nyuma ya ukuta. Aliposikia ile sauti ya puff, alipiga makofi peke yake.

Asubuhi moja risasi zililia upande wa Luano, kwenye uwanja wa ndege, moshi ukatanda, na mama akabanwa. Mama akibanwa haketi wima. Anainama mbele, ngumi mbili juu ya magoti, mabega juu, kidevu kifuani. Chupa ikainama pamoja naye, dawa yote ikamwagikia kitenge. Na mkono wa kuminya utoke wapi? Akiondoa ngumi moja, anaanguka. Nikaminya mimi, ukatoka upepo mtupu. Mungu alituhurumia tu, pumu ikaachia yenyewe.

Nikatoka nje nikiwaka moto.

"Rigobert! Umetengeneza kintu ya muntu mwenye anapumua muzuri!"

"Basi uniambie, anakaa namna gani?"

Nikamwambia. Nikainama mwenyewe palepale uani, majirani wananitazama, nikajifanya mgonjwa. Akatengeneza chupa nyingine, mdomo umepindwa. Nayo ikamgonga mama meno, kwa sababu aliipimia shingo yangu mimi.

"Ingia umuone wewe mwenyewe!"

"Ni mamuenu," akajibu, ndiyo mama mkwe kwa lugha yetu, na akalitamka kama mtu aliye kanisani. Nilitaka kumtupia sufuria, naapa.

Kesho yake lori la kutupeleka kwenye mahema likafika. Dereva, Kalenga, alipiga honi bila kupumzika, akipiga kelele kwamba njia itafungwa. Mama akainama kuchukua furushi lake, vumbi la lori likamwingia, na pumu ikamkamata palepale sebuleni. Midomo yake iligeuka rangi ya majivu. Mimi nilivuta kizibo cha dawa, kikanishinda.

"Rigobert! Mama anakufa!"

Akaingia. Kwanza alitazama miguu ya mama tu. Halafu akapiga magoti mbele yake, akainua uso, akamtazama. Akaniondolea chupa mikononi, akaitia dawa, akaisimamisha wima kutoka chini mpaka mdomo wake uliopindwa ukafika kinywani mwa mama, akaminya polepole akifuata pumzi yake. Akaona zile ngumi. Akaona kidevu kilivyoshuka, na viwiko vilivyobana mbavu. Machozi yalimtoka, lakini macho hakuyaondoa.

"Puare iende mu kwapa," alisema, nusu kwangu, nusu kwa nafsi yake. "Ataibana na kiwiko. Chupa itundikwe ku shingo. Sikujua, Kapinga. Nilikuwa sijue kabisa."

Pumzi ikarudi kidogo kidogo. Nje, Kalenga aliacha honi. Hapo ndipo Rigobert alipokumbuka yuko wapi, akageuza uso haraka kwa aibu, akaanza kurudi nyuma kwa magoti. Mama akanyoosha mkono, akamshika kidevu, akamrudisha.

"Apana. Angalia muzuri, mwana wangu," akasema, bado anahema. "Heshima yako ilitaka kuniua."