Mkono wa Bakari Begani kwa Dada

Dada yangu Somoe alinipigia simu siku chache baada ya kumzika mumewe, Bakari. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayesikilizwa: "Sauda, Bakari amenishika."

Nikadhani ni uchungu wa msiba. Akaendelea: "Mkono wake uko begani kwangu. Umetokea tu. Wakwe wameuona, wanasema nimemla mume wangu na yeye amerudi kunionyesha kwa watu. Hitima ikiisha wanataka niondoke."

Eda yenyewe ilikuwa changa. Nikaomba ruhusa chuoni, ambako nafundisha wauguzi jinsi mwili unavyofanya kazi, nikafunga begi.

Alhamisi alfajiri niliondoka kwangu Chuno, mjini, kwa gari, kisha nikachukua bodaboda. Ulikuwa msimu wa korosho, na harufu ya mabibo yaliyooza ilitufuata njia nzima. Tulipokaribia Kitaya, kijijini kwa marehemu, dereva alizima pikipiki mbali kidogo na nyumba.

"Ni kwa yule aliyeshikwa? Hapa panatosha, dada."

Uani kwa marehemu wanawake wa msiba walikuwa wamekaa juani. Kivuli kilikuwepo, lakini kilikuwa upande wa chumba cha Somoe, na hakuna aliyekaribia. Pale pale chini ya paa palikuwa na rundo la korosho alilokuwa akilibangua Bakari, jiwe lake, na kigoda kilichoanguka ubavu. Hakuna aliyethubutu kukiinua.

Chumbani Somoe alishusha nguo begani. Vidole vinne nyuma, gumba mbele chini ya mtulinga, vyekundu, vimevimba, vina malengelenge madogo ya maji. Kidole cha mwisho kilikuwa kifupi. Bakari alikatwa ncha ya kidole hicho na panga kabla hajamwoa dada. Nilijikuta nimerudi nyuma hadi mlangoni.

"Ilikuwaje siku ile?" nilimuuliza.

"Alikuwa anabangua. Akashika kifua, akaniita. Nilipoinama akanikamata hapa, hakuniachia mpaka alipotulia."

"Alikuwa amepaka majivu mikononi?"

"Majivu ya kukinga mikono yalikwisha. Mikono ilikuwa myeusi kwa mafuta ya maganda."

Alasiri niliwaomba mama mkwe wake na Ausi, kaka wa marehemu, wanisikilize. Niliwaeleza kwamba mafuta ya ganda la korosho, kwa mtu ambaye ngozi yake imekwisha kuyakataa zamani, hayaonekani siku hiyo hiyo. Yanaingia, yanaumiza seli, yaani vile vijumba vidogo ambavyo mwili umejengwa navyo. Kila seli ina kitu kiitwacho ATP, ndiyo nguvu yake ya kufanyia kazi. Ikikaa ndani, hakuna neno. Seli ikijeruhiwa, ile nguvu humwagika nje, na seli za jirani zina vipokezi vya kuihisi. Kimojawapo huitwa P2X7. Kikiguswa na ATP nyingi, seli za kinga hutoa kemikali za kuita wenzao. Seli zile zinazoyakumbuka mafuta nazo huja, taratibu, siku moja, mbili, tatu. Hapo ndipo ngozi inavimba.

"Kwa hiyo ngozi inapiga yowe," alisema mama mkwe polepole.

"Ndiyo, mama. Na majirani wanachelewa kufika."

Ausi alitikisa kichwa. "Hayo ni maneno ya chuo, shemeji. Sisi tumeona mkono."

Basi nikaenda kwenye rundo. Wanawake walipiga kelele kunizuia. Nikapasua korosho kwenye jiwe la marehemu, nikapaka mafuta vidole vyangu vya kulia, nikaukamata mkono wangu wa kushoto kwa nguvu.

"Mimi nilishababuka nayo utotoni, kama Somoe," nikawaambia. "Nisubirini."

Ijumaa hakikutokea kitu. Kila aliyeniletea chai alitazama mkono wangu kwanza, uso baadaye. Ukungu wa mto Ruvuma ulipanda mpaka mashambani, na ng'ambo, Msumbiji, mtu asiyeonekana alikuwa akiita jina ambalo sikulishika. Niliingia kwa dada, naye akanisogezea mkeka. Nikaanza kufikiri: je, kama haitatokea?

Jumamosi niliamka nikijikuna. Vidole vyote vilikuwa vimesimama juu ya ngozi ya mkono wa kushoto. Nilijua vimetoka wapi, nilivitengeneza mwenyewe mbele ya watu, lakini kitu cha kwanza nilichofanya ni kugeuka kuona nani yuko nyuma yangu.

Mama mkwe alivipima kimoja kimoja na vidole vyangu. Ndipo Ausi alipofungua kifungo cha shati, akakunja mkono wa nguo. Juu kidogo ya kiwiko palikuwa na alama nyekundu, pana, ya kiganja.

"Nilimbeba mimi kutoka pale kwenye korosho," alisema. "Mkono wake ulinilalia hapa. Nilidhani ananiita nimfuate. Nikasema labda tukimwondoa Somoe, ataniacha."

Mama yake alikwenda chini ya paa, akakiinua kigoda, akakikalia. "Somoe atamaliza eda yake humu humu," alisema. "Na atakayemsema, aje aniseme mimi."

Jumapili, baada ya hitima, niliaga. Nilikuwa na tyubu ya dawa ya kupaka. Ausi aliipaka palepale. Nikamweleza Somoe kwamba hata bila dawa itapona, kwa sababu ATP ile ile ikishavunjwavunjwa hubaki kemikali iitwayo adenosini, nayo hugusa vipokezi vingine vinavyozituliza seli za kinga.

"Yaani kile kile kilichopiga yowe?"

"Kile kile."

Akakataa dawa.

Nimerudi mjini na nimeshapona. Darasani somo la vipokezi nalifundisha taratibu zaidi, na mwanafunzi akisema kwao wanaogopa alama kama hizo, simcheki, kwa kuwa najua niligeuka kutazama nani yuko nyuma.

Jana Somoe alipiga simu. Alama imefutika, alisema, limebaki gumba tu; usiku hulala ameliwekea mkono. Nikamwambia nalo litafutika karibuni, asiwe na wasiwasi.

"Kwani wewe," aliniuliza, "una haraka gani?"