Kamba ya Kuku Mguuni mwa Furaha

Nikiona kuku amefungwa mguu kwa kipande cha kitenge, huwa nageuza uso. Mama yetu alikuwa akivusha kuku mpakani pale Rusizi ya Kwanza kwenda kuwauza Bukavu, na waliobaki tuliwafunga hivyo kwenye miguu ya meza, chumba kizima kikinuka manyoya. Nawaambia ninyi jambo hili kwa sababu nyumbani sijawahi kulisema.

Mdogo wangu Furaha alikuwa na miaka saba. Akianza kusoma mstari, nzi akipita anamfuata kwa macho, kisha kwa miguu, na mwisho unamkuta kwa jirani akitazama sambaza, wale dagaa wa ziwani, zikikaangwa. Mwalimu alisema asipojua kusoma atarudia tena darasa la kwanza. Mama akanikabidhi kazi hiyo, mimi wa miaka kumi na mmoja, niliyesifiwa kwa akili hadi kichwa kikavimba.

Siku ya nne uvumilivu uliniisha. Nilichukua kamba ya kuku nikamfunga Furaha kwenye meza. Hakulia. Alisoma kurasa mbili, na kesho yake akaunyoosha mguu mwenyewe.

"Yaya, funga nguvu," aliniambia, akiniita hivyo kwa kuwa mimi ni mkubwa wake. "Huu muguu haisikiake."

Nilijiona mwalimu hodari. Siku moja Mama akawahi kurudi.

"Nani alifunga mutoto sawa kuku?"

Furaha alijibu haraka, "Ni mi njo nilijifunga, Maman." Akafinywa sikio kwa kuchezea kamba za biashara, nami nikaenda kusonga ugali kana kwamba sikuwepo.

Darasa alirudia vilevile, na baadaye shule akaiacha.

Miaka ikapita. Nilipokuwa nasomea ualimu, mkufunzi wa saikolojia alitueleza kuhusu watoto ambao umakini huwaponyoka bila wao kutaka, wanaojitahidi kuliko wenzao huku tukiwaita wakaidi. Niliinamia daftari. Ule mguu aliounyoosha niliuita utii. Kumbe mtoto alikuwa ameshaamini kwamba yeye ni mbaya, na mimi nilimsaidia kuamini.

Nilimfuata Bugarama, ambako anashona nguo, nikamwomba msamaha. Alisimamisha cherehani, akacheka kidogo.

"Mi nilikuwa nafurahi, yaya. Bengine bote balikuwa banachoka na mi. We ulikuwa unabakia."

Heri angenitukana.