Shikamoo Kumi na Tisa Hewani

Mimi darasani sisemi. Mwalimu akiuliza swali na jibu ninalo, naangalia kucha zangu mpaka mwingine anyooshe mkono na kukosea. Ndiyo maana siku ya kupatwa kwa jua mimi nilipewa daftari, na mwenzangu wa dawati akapewa simu ya upepo. Yeye anaongea mpaka usingizini. Bweni zima linaweza kutoa ushahidi.

Waliotupa kazi hiyo ni chama cha watu wa redio wa Mbeya na Iringa. Ni watu wa kujitolea, wana mitambo yao nyumbani, na jioni huitana hewani kuulizana kama wanasikika. Wakishajua kwamba wanasikika, hawana kingine cha kuambiana, basi wanaagana. Safari hii walikuwa wamepata jambo la maana. Jua lingebaki pete juu ya bonde la Usangu, watu wangemiminika huko kutoka kila upande, mtandao wa simu ungezidiwa, na mtu akiumia asingepatikana wa kumpigia. Chama kikaahidi kwamba mawasiliano yote ya dharura ni juu yake. Mwalimu wetu wa fizikia ni mwanachama, basi akachagua wasichana sita wa kidato cha tatu, akatutoa Iringa kwenda kuokoa watu.

Jumamosi moja kabla tulifundishwa Uyole, kwenye ukumbi nyuma ya soko. Mwenyekiti wa chama ni mzee mstaafu mwenye kizibao cha mifuko mingi, na kila mfuko una kalamu. Nilizihesabu kwa sababu somo lenyewe halikuwa na kitu cha kuhesabu. Alisema hewani ni kama sebuleni kwa mtu, huingii bila hodi. Kwanza unataja kituo chako. Unasubiri ukaribishwe. Unamwamkia mkubwa. Unamwambia unampata kwa kiasi gani, moja mpaka tano. Halafu ndiyo unasema shida.

"Na kama nyumba inaungua, mzee?" akauliza mwenzangu.

"Binti yangu, hata moto unazimwa kwa adabu."

Wakacheka wote, wazee wazima, kama vile amesema neno la kuandikwa ukutani. Mimi nikaliandika kwenye daftari. Tangu siku hiyo nikawa nawadharau, na sikuficha kwenye shajara yangu, nilificha usoni tu.

Tena walikuwa wamejiandaa kwa giza. Tulipewa tochi, kila mtu tochi mbili, na vizibao vinavyong'aa. Hakuna aliyekumbuka kwamba pete haileti usiku. Na hakuna aliyekumbuka vumbi, kwenye bonde ambalo miezi hiyo hata ukipiga chafya unainua wingu.

Vumbi nalitaja kwa sababu mwenzangu ana pumu. Pampu yake inakaa kwenye begi la bluu, na begi halimtoki begani, analala nalo. Asubuhi ile basi la shule lilipotushusha sisi wawili Kituo cha Tatu, mwalimu akasema kituo kisionekane kama stendi, mizigo yote ibaki ndani ya basi. Mwenzangu akasema, "Lakini mwalimu, begi langu..." Mwalimu akasema, "Wageni watapita hapa." Basi likaondoka na begi. Wageni hawakupita.

Kituo cha Tatu kilikuwa turubai, meza na viti viwili, pembeni ya uwanja wa shule ya msingi. Uwanja mkubwa ulikuwa kilomita tano mbele, na huko ndiko kulikokuwa na kila kitu: mwenyekiti, mwalimu, hema la wageni, basi letu, na gari la wagonjwa lililoegeshwa karibu kabisa na viti vya wakubwa, kama vile wao ndio wangeugua jua. Jirani yetu alikuwa mama mmoja wa wafugaji, wale waliohamia na ng'ombe kutoka kaskazini, anauza maziwa ya mgando kwenye ndoo. Alituangalia muda mrefu, akauliza, "Nyie mnauza nini?"

"Mawasiliano," mwenzangu akamjibu.

"Bei gani?"

"Bure."

"Ndiyo maana hamna mteja."

Kuanzia saa tatu redio haikunyamaza. Nililazimika kuandika kila neno, ndiyo kazi yangu, na ninaomba msomaji aamini kwamba siongezi.

"Kituo cha Pili hapa. Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba, marahaba. Nakupata nne kwa tano. Umeamkaje?"

"Salama mzee. Za huko?"

"Huku safi. Mama watoto anaendeleaje na mguu?"

"Mguu unapona, mzee. Nami nakupata nne."

"Ahsante. Una la ziada?"

"Sina, mzee. Nilikuwa nasalimia tu."

Akitoka huyo anaingia mwingine. Watu wa Iringa walipoamkiana kwa kamwene ya Kihehe, mwenyekiti naye akaingilia kuwajibu kamwene, halafu wa Mbeya wakaona wamesahauliwa, salamu zikaanza upya kwa Kinyakyusa. Simu ya upepo si kama simu ya mkononi: mmoja akiwa amebonyeza kitufe, wengine wote ni mabubu mpaka aachie. Hilo tulifundishwa Uyole na mwenyekiti mwenyewe. Mwenzangu alikuwa anaitikia kila salamu kwa sauti ya mtangazaji, akifunika kinywa cha redio anacheka. Mimi nilikuwa naandika "shikamoo" mpaka nikaanza kuweka namba pembeni.

Jua lilipoanza kuliwa, mwanga ukawa kama chai ya rangi. Wataalamu walisema ng'ombe wangedhani ni jioni warudi zizini. Ng'ombe wa yule mama waliendelea kula. Waliochanganyikiwa ni watu. Ghafla kila aliyekuwa kwenye uwanja wetu akaona uwanja mkubwa ndio utakuwa na pete nzuri zaidi, na pikipiki zote zikawashwa kwa pamoja. Vumbi likasimama kama ukuta.

Nikasikia mwenzangu anakohoa. Kikohozi hicho nakijua, kina mlio wa filimbi mwishoni. Akaniangalia, akafanya ishara ya kubonyeza kitu mdomoni.

Begi la bluu. Ndani ya basi. Kilomita tano.

Nilijaribu simu ya yule mama. Mtandao hakuna, na hilo ndilo jambo moja ambalo chama kilitabiri sawasawa. Mwenzangu alikuwa ameinama, mikono kwenye magoti, mabega yanapanda. Akaniwekea simu ya upepo mkononi. Maana yake ilikuwa wazi: yeye hawezi tena kuongea, kwa hiyo ni mimi.

Sasa nitaandika nilichofanya, kwa sababu nimewacheka wengine ukurasa mzima. Nilibonyeza kitufe, nikasema:

"Shikamoo mzee."

Na nikaachia kitufe. Nikasubiri.

"Marahaba binti yangu! Nani huyo mwenye sauti ya kifaranga?"

"Kituo cha Tatu."

"Kituo cha Tatu, nakupata mbili kwa tano, sogeza mdomo. Hamjambo hapo?"

Nikasema, "Hatujambo."

Nikasema hivyo! Mwenzangu yuko miguuni pangu anavuta hewa kama anayenyonya kwa mrija ulioziba, na mtu mzima ameniuliza hamjambo, mdomo wangu ukajibu wenyewe. Ndivyo tulivyolelewa, hata mgonjwa kitandani husema hajambo kwanza halafu ndiyo anaeleza tumbo. Nilikuwa nimepanga kueleza tumbo. Lakini mwenyekiti akasema, "Basi vizuri sana, endeleeni kufurahia," akabaki amebonyeza.

Hakuachia. Ilikuwa ndiyo pete inafunga, na yeye alikuwa anamwelekeza mgeni wa heshima, simu ya upepo ikiwa imekamatwa mkononi, kitufe kimekandamizwa. Vituo vyote tukawa tunasikiliza: "Mheshimiwa, vaa miwani, hapo, hapo, usiangalie kwa jicho tupu... unaona? Kama pete ya harusi!" Makofi. Nilibonyeza, ikanguruma tu. Nilibonyeza tena.

Yule mama alikuwa ameshamkalisha mwenzangu, amemfungua kola, amemwegemeza mbele kwenye mapaja yake, anamfuta vumbi usoni kwa maji. Midomo ya mwenzangu ilikuwa imebadilika rangi. Au ni ule mwanga. Sikujua, na sitaki kukumbuka vizuri.

"Hao unaoongea nao wana gari?" mama akaniuliza.

"Wanalo."

"Sasa unawaamkia ya nini? Waambie walete!"

Nilianza kulia. Halafu kelele za makofi zikakatika katikati, mwenyekiti amehamisha mkono, na hapo nikabonyeza kwa vidole gumba vyote viwili. Sikusema jina la kituo wala la mtu.

"Gari la wagonjwa lije shule ya msingi sasa hivi! Mtu hapumui! Pampu yake iko kwenye begi la bluu, basi la shule, kiti cha nyuma. Mzee usijibu! Ukijibu unaziba njia!"

Nikaachia. Ikaja sauti ambayo siku nzima haikuwa imesikika, sauti ya mtu anayetafuna kitu:

"Nakuja."

Alikuwa dereva wa gari la wagonjwa. Naye alipewa simu ya upepo asubuhi, na asubuhi yote hakuwa amemsalimia mtu.

Baadaye nilisikia kwamba mwenyekiti alikuwa ameingia: "Kituo cha Tatu, huo si utaratibu. Rudia, anza na jina la kituo." Alikuwa anaongea na gari ambalo limeshaondoka. Mimi nilikuwa nimeiweka simu ya upepo mchangani, nimepiga magoti, namshika mwenzangu mkono, na yeye ananibana vidole kwa kila pumzi iliyomshinda.

Dereva alifika na begi la bluu mapajani. Hakuuliza habari. Alifungua zipu kwa meno kwa sababu mkono mmoja ulikuwa bado kwenye usukani, akanirushia pampu dirishani. Mara ya kwanza dawa haikuingia. Ya pili ikaingia kidogo. Ya tatu nikaona mabega yameshuka kidogo, kidogo tu, na yule mama akasema jambo kwa Kisukuma ambalo sikulielewa ila lilikuwa la shukrani.

Kituo cha afya walimwekea mashine ya mvuke mpaka alasiri. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Pete ilikuwaje?"

"Sikuiona."

"Yaani wewe!" akasema, akafunga macho akicheka bila sauti. Nilikaa kwenye benchi nje ya mlango wake, nikajazia daftari yale yote niliyoshindwa kuandika, wakati bado nayakumbuka.

Wiki iliyofuata mwenyekiti alikuja shuleni kwetu kuchukua kumbukumbu za ripoti. Mwalimu wa fizikia alisimama nyuma yake, anatazama viatu. Mwenyekiti alifungua ukurasa wa Kituo cha Tatu, akausoma, akatoa kalamu kutoka mfuko mmoja, akairudisha, akatoa nyingine.

"Binti, umeandika vizuri, ila hii ni ya kitoto kidogo. Nakili upya, safi. Hizi salamu toa, zinajaza nafasi. Na hapa uliponikatiza, weka 'kituo kiliomba msaada, msaada ukatolewa kwa wakati'. Sawa, mama?"

Mimi sisemi. Nikaitikia kwa kichwa.

Jioni hiyo nilikaa na mwenzangu kwenye dawati letu, begi la bluu kati yetu, nikanakili. Yeye alinishikia rula. Nilinakili mguu wa mama watoto wa mtu wa Kituo cha Pili. Nilinakili pete ya harusi na makofi. Nilinakili "usijibu". Nilipofika kwenye "Hatujambo" mkono ukasita, kwa kuwa hiyo ni aibu yangu mwenyewe, na mwenzangu akaniona.

"Iandike," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nasubiri pale chini."

Nikaiandika. Shikamoo zilikuwa kumi na tisa, namba nikaziacha pembeni kwa kalamu nyekundu. Ya kumi na tisa ni yangu.

Kesho yake, aliporudi kuzichukua, nilimkabidhi mwenyekiti karatasi kwa mikono miwili, nikamwamkia, kwa sababu mkubwa ni mkubwa. Alikuwa ameshaanza kusoma. Hakuitikia.